Tuachiwe walau robo ya mbaazi tuuze wenyewe

Mhariri,

Kwenye mkutano wa chama chetu cha msingi tuligawanyika: wengine wanataka mbaazi zote zipite stakabadhi ghalani, yaani tuzipeleke ghalani, tupewe karatasi na kulipwa zikishauzwa kwa mnada; wengine kila mtu auze anapotaka. Mnada naukubali. Kangomba, wale wachuuzi wanaonunua nje ya mfumo rasmi, walitupimia kwa bakuli la kujaza mpaka limwagike, na India ilipoweka kikomo cha kuagiza mwaka 2017, mbaazi zilitudodea ndani. Lakini msimu uliopita nilipeleka magunia sita, nikakaa wiki tano na karatasi mkononi huku mwanangu amerudishwa nyumbani kwa ajili ya michango. Gunia moja tu lingemrudisha darasani. Serikali ikitulazimisha kupeleka ghalani, iweke pia tarehe ya mwisho ya kutulipa. Kabla ya hapo, ituachie robo ya mavuno.

Mkulima,
Nachingwea, Lindi