Chai ya Usambara isinyimwe jina lake

Mhariri,

Tunaomba wafungashaji wa chai waandike kwenye paketi mlima jani lilikotoka na mwezi lilipochumwa. Sasa hivi mnunuzi wa Ngamiani, Tanga mjini, anasoma "chai bora" na tarehe ya kuisha muda, basi. Ndani humo jani la Usambara linaweza kuwa limechanganywa na la Mufindi au la Rungwe, na kikombe kikiharibika lawama inapanda Usambara.

Usambara zenyewe ni mbili. Upande wa mashariki, Amani, ndiko chai ilikopandwa kwa majaribio mwanzoni mwa miaka ya 1900, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo kilichofunguliwa na Wajerumani mwaka 1902. Mashamba ya Kwamkoro na Bulwa yako huko, kwenye mita 900 na ushei juu ya usawa wa bahari. Upepo wa baharini hupanda mlima ukiwa umebeba unyevu, na Amani hupata mvua ya milimita 1,900 hivi kwa mwaka. Udongo ni mwekundu na una tindikali. Mahindi yanadumaa, mchai unanawiri. Jani la huku hukua haraka na kutoa chai ya rangi nzito, yenye nguvu. Upande wa magharibi, kama Bumbuli na Mponde, ni juu zaidi na baridi zaidi. Jani hujivuta, na harufu yake huwa nyororo. Hata shamba moja hubadilika: jani la masika limevimba maji, la Juni hadi Agosti ni haba lakini lina ladha zaidi. Ndiyo maana tunaudai na mwezi.

Mengi yanayoharibu chai hayatokani na mlima. Kinachotakiwa kuchumwa ni majani mawili na chipukizi. Mchumaji akivuta mpaka jani la nne, nyuzi zinaongezeka na chai inakuwa chapwa. Jani likishindiliwa kwenye gunia likingoja gari, linapata joto na kuwa jekundu kabla ya kufika kiwandani, na hakuna mashine itakayolirudisha. Likifika salama hunyaushwa saa 12 hadi 18, hukatwa na kuchanwa kwenye mashine yenye rola, kisha huachwa lichachuke saa moja hadi mbili. Hapa ndipo penye kazi. Likitolewa mapema linabaki na uchungu wa ubichi; likicheleweshwa, ule mchangamko wake unakufa na rangi inafubaa. Mwisho hukaushwa mpaka unyevu ubaki asilimia 3 hivi. Kilo nne na nusu za jani bichi hutoa kilo moja tu ya chai.

Ukavu huo ndio unaomalizwa na hewa yetu ya pwani. Chai ya kupima, iliyoachwa wazi dukani kati ya sabuni na ng'onda, huvuta unyevu na harufu zote mbili. Kopo lenye kifuniko kinachobana linatosha, mradi lisikae karibu na viungo.

Jikoni nako kuna makosa. Chai hii ya punje haihitaji kuchemshwa robo saa. Maji yakitokota, epua, tia kijiko cha chai kimoja kisichofura kwa kila kikombe, funika dakika tatu au nne, kisha chuja kabla ya kumimina kwenye chupa. Majani yakibaki ndani ya chupa, ikifika saa nne asubuhi ni ukakasi mtupu. Maji magumu ya kisima, yale yasiyotoa povu la sabuni, huacha utando juu na kuizima rangi. Ya bomba hapa Tanga ni afadhali. Nayo hutoka bwawa la Mabayani, kwenye mto Zigi unaoshuka kutoka milima hiyo hiyo ya Amani. Iliki na mchaichai tieni mpendavyo, ila kikombe cha kwanza cha paketi mpya kinyweni bila kiungo, mjue mmeuziwa nini.

Wadau wa chai,
Muheza, Tanga