Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Zikishuka chembe zote, upimwe uboho

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kutoka Umoja, Nairobi, kwa ajili ya mdogo wangu wa miaka 19, aliyeugua homa kali ya ini (hepatitisi) mwezi Januari hadi macho yakawa manjano, kisha akapona nasi tukamshukuru Mungu. Wiki 9 baadaye alianza kuhema kila akipanda ngazi. Hospitali tuliyompeleka ilimpa vidonge vya kuongeza damu, na aliporudi akapewa vilevile, ingawa miguu yake ilikuwa imejaa vidoa vyekundu mithili ya alama za ncha ya kalamu, ambavyo havikufifia nilipovibonyeza kwa kidole.

Picha ya damu, yaani hesabu ya chembe zake, tulikuwa nayo mkononi muda wote huo. Chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, zilikuwa 14,000 kwa mikrolita, ilhali kiwango cha kawaida huanzia 150,000. Chembe nyeupe na nyekundu nazo zilikuwa zimeshuka. Ukosefu wa madini ya chuma, unaotibiwa kwa vidonge vya kuongeza damu, hauzishushi zote tatu namna hiyo. Zikishuka pamoja, wa kuchunguzwa ni uboho wenyewe, unakotengenezewa damu.

Madaktari wa damu wanajua kwamba miezi miwili au mitatu baada ya homa ya ini, hasa kwa vijana wa kiume, kinga ya mwili inaweza kuushambulia uboho ukaacha kuzalisha chembe za damu, hata pale ambapo vipimo vya hepatitisi A, B na C havikuonyesha kitu. Uthibitisho huanzia kwenye hesabu ya chembe nyekundu changa na kuitazama damu kwa darubini, kisha hutolewa uboho nyuma ya nyonga kwa ganzi. Majimaji ya uboho peke yake hayatoshi, Mheshimiwa. Ni kipande cha mfupa kinachoonyesha kama mafuta yamechukua nafasi ya chembe.

Naomba utoe waraka kwamba kila aliyeugua homa kali ya ini arudie picha ya damu katika miezi mitatu inayofuata, na kwamba maabara ikiona chembe zote zimeshuka impigie daktari simu siku hiyohiyo. Naomba pia gharama ya kipimo cha uboho isiachiwe familia, kwa maana sisi tulichangishana siku 11 huku kijana akitokwa damu kwenye fizi.

Sasa amelazwa, na jana dada yetu alitolewa damu ili ijulikane kama uboho wake unalingana na wa ndugu yake, aweze kumpandikizia.

Wako mwaminifu,
Mkazi wa Umoja, Nairobi