Nyumba ya klabu yetu, mtaa wa Malindi, Mji Mkongwe wa Zanzibar, 1928

Swahiba wangu mpenzi,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata pamoja na mchoro wa nyumba ya klabu. Wazo la wachezaji wa mchezo wetu wa mezani wa kuigiza wahusika kuwa wanachama wapya wa klabu ya faragha katika Zanzibar ya 1928 nimelipenda mno, na nakuomba usilibadilishe. Ila ule ukumbi wa duara wenye kuba tuuondoe. Nyumba ya Mji Mkongwe haijengwi hivyo. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene kweli kweli, na dari inabebwa na boriti za mikoko. Boriti ndiyo inayoamua upana wa chumba, kwa hiyo vyumba vingi havizidi mita tatu hivi kwa upana, hata kama nyumba yenyewe ni ya tajiri. Ni virefu na vyembamba.

Basi mkutano ufanyike humohumo. Wanachama wamekaa safu mbili wakitazamana, magoti yanakaribia kugusana, mwenyekiti yuko kule mwisho. Mchezaji akitaka kutoka katikati ya kikao, sharti awapite wote. Akimnong'oneza mwenzake, wa upande wa pili anasikia. Hapo hata dadu hatutazihitaji.

Sasa historia. Umeandika kwamba klabu "ilianzishwa zamani na matajiri", ukaishia hapo. Mimi naona tuianzishe na kimbunga cha Aprili 1872. Kimbunga kile kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, Pemba ikasalimika. Hebu fikiria: mwenye shamba wa Unguja kalala tajiri, kaamka hana kitu, na mwenziwe wa Pemba karafuu zake zimepanda bei. Waanzilishi wetu wawe hao: Waunguja kadhaa waliofilisika na Mpemba mmoja aliyewakopesha. Wanajikusanya ili wasaidiane, wananunua nyumba Malindi karibu na majahazi, na juu ya mlango wa kuchonga wanaandika mwaka wa Hijria, 1290. Ni mwaka uleule, Juni 1873, soko la watumwa la mjini lilipofungwa kwa mkataba na Waingereza. Soko lilifungwa, lakini mashambani watu waliendelea kumilikiwa. Kwa hiyo kila rupia iliyonunua nyumba ile ina jasho la mtu ambaye hakuwahi kukaribishwa ndani. Nataka wachezaji walijue hilo, tena walijue polepole.

Kisha tuje 1897. Amri ya Sultani ya mwaka ule iliondoa utumwa katika sheria, lakini mtumwa hakuamka asubuhi akajikuta huru. Ilimbidi aende mwenyewe kuomba uhuru wake, na bwana wake akalipwa fidia. Humo ndimo ilimo hadithi yetu. Mtu mmoja anapata karatasi yake ya uhuru, anafanya biashara, anafanikiwa, na baada ya miaka michache anaomba kujiunga na klabu. Ada anayo, kusoma anajua. Aliyekuwa bwana wake ni mwanachama. Nusu ya klabu wanakubali, nusu wanakataa, na waliokataa wanaondoka usiku na kitabu cha madeni.

Mgawanyiko wa aina hii usiuogope. Klabu za kwetu zimeishi kwa ushindani tangu hapo. Klabu ya taarabu ya Ikhwani Safaa ilipoanzishwa Zanzibar mwaka 1905, haikuchukua muda Nadi Shuub, klabu nyingine ya taarabu, nayo ikawapo, na watu wakawa na upande. Kwenye beni, ile ngoma ya kuiga gwaride la askari, ndiyo usiseme: vikundi vya Marini na Arinoti vilishindana mji kwa mji pwani nzima, vina sare zao, vina vyeo vyao, huyu Kingi, yule Jenerali, na mtu aliyekuwa hamali mchana akapigiwa saluti jioni. Waliojitenga na klabu yetu wape vyeo kama hivyo. Wachezaji watafurahi kuvigombea.

Kitabu chenyewe nimefikiria kirudi ndani ya nyumba bila mtu kujua, kimefichwa nyuma ya kidaka, yaani kishubaka cha ukutani, kilichozibwa kwa chokaa katika chumba cha juu. Kimeandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Aliyesoma chuo cha Kurani atakisoma. Karani wetu aliyesomea shule ya serikali, mwenye kuzoea herufi za Kirumi, itambidi amwombe mwenzake, na hatakuwa na uhakika kama kasomewa chote. Hesabu ziwe za rupia, maana shilingi ilikuwa haijaingia Zanzibar.

Utaniuliza kwa nini nang'ang'ania 1928. Ni kwa ajili ya Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu. Mwaka ule alikwenda Bombay na wenzake kurekodi santuri. Mwanamke wa Fumba, wa ukoo wa watumwa, sauti yake ikaingia kwenye nyumba za watu ambao wazee wao wasingemkaribisha kibarazani. Weka gramafoni katika kile chumba chembamba. Kijana mmoja analeta santuri, wazee wawili wanasimama kutaka kutoka, na ili watoke lazima wapite mbele ya magoti ya wote, akiwamo mjukuu wa yule aliyekataliwa. Hapo ndipo mchezo uanze. Kabla ya hapo usiwasomee historia hata mstari mmoja.

Jina la klabu nakuachia wewe, Kiarabu chako ni kizuri kuliko changu. Nichoree tena ghorofa ya juu, uonyeshe ngazi iko wapi na dirisha gani linatazama bandari. Na uamue nani kati ya wachezaji atakuwa huyo mjukuu. Mimi ningempa dada yako, kwa sharti kwamba awe ameingia klabu kwa njia ambayo wazee hawajaijua bado.

Wasalimie wote nyumbani.

Swahiba wako