Barua ya wazi kwa Afisa Elimu wa Mkoa wa Tanga: vijana waonje masomo kabla ya kuchagua tahasusi

Ndugu Afisa Elimu wa Mkoa,

YAH: KUWAWEKEA VIJANA MASOMO HURIA YA UTANGULIZI WAKATI WAKISUBIRI KIDATO CHA TANO

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwalimu mstaafu wa jiografia, mkazi wa Ngamiani hapa jijini Tanga. Ningeweza kuipeleka barua hii masijala kwa utaratibu wa kawaida, lakini jambo ninaloliomba litawahitaji pia wazazi, wakutubi na walimu wenzangu, nami nimeona ni heri walisome wakati mmoja na wewe.

Mtihani wa kidato cha nne hufanyika Novemba, na kidato cha tano huanza Julai. Katikati ya hapo kijana wa miaka 17 hukaa nyumbani kwa zaidi ya nusu mwaka, na wote tunajua anavyoishi: anasaidia dukani, anazoea baraza, mwenye mzazi mwenye nafasi anapelekwa kozi ya kompyuta ya kulipia. Cha ajabu ni kwamba katika miezi hiyohiyo ya uvivu ndipo anapotakiwa kufanya uamuzi mzito kuliko wote aliowahi kuufanya. Matokeo yakishatoka, hufunguliwa muda wa kubadilisha machaguo ya tahasusi, yaani mkusanyiko wa masomo atakayoyasoma kidato cha tano na sita, na tangu mwaka 2024, tahasusi zilipoongezwa kutoka 16 hadi 65, kijana anachagua katika orodha yenye masomo ambayo mengine hakuwahi hata kuyaona ubaoni. Mjukuu wangu alichagua mchepuo wa uchumi kwa sababu marafiki zake wawili waliuchagua. Nilipomuuliza uchumi unahusu nini, alinijibu, "Babu, si mambo ya hela?" Sikumlaumu, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amempa nafasi ya kuuonja.

Nafasi hiyo ya kuonja ipo, tena bila malipo. Chuo Kikuu Huria cha Uingereza, kilichoanzishwa mwaka 1969 kwa ajili ya watu wanaosomea nyumbani, kilifungua mwaka 2006 hazina ya masomo yake mtandaoni kwa jina la OpenLearn. Humo mna vipande vya kozi vilivyokatwa kwa makusudi ya anayeanza, vingine vya saa chache tu, katika hisabati, sayansi, historia, sheria, afya, lugha, biashara na mengine mengi, na kila kimoja kinamweleza msomaji tangu mwanzo kitamchukua saa ngapi na ni cha kiwango gani. Haviulizi umefaulu kwa daraja gani. Chuo cha MIT cha Marekani kilikuwa kimetangulia mwaka 2001 kutangaza kwamba kitaweka wazi maandalio ya kozi zake, ingawa kwa maoni yangu yale ni magumu kwa kijana aliyetoka kidato cha nne. Mtu humpeleka mtoto ufukweni kwanza, hamtupi mkondoni.

Uzuri wa somo la utangulizi hauko katika wingi wa anachojifunza mtu. Akisoma saa sita za takwimu hajawa mtakwimu, lakini amekutana na aina ya maswali ambayo fani ile huyauliza, ameona kama akili yake inayapenda au inayakimbia, na hata akiliacha somo njiani amepata jibu alilolihitaji kabla ya Julai, badala ya kulipata akiwa kidato cha tano katikati ya muhula, mahali ambapo kugeuza ni taabu kwake na kwa shule. Nimefundisha miaka mingi na nimewaona wanafunzi hodari wakinyauka kwa sababu hiyo moja.

Tatizo letu ni bando. Binti mmoja wa jirani yangu alilianza somo la utangulizi wa saikolojia kwa simu ya mama yake, akafika kwenye video ya tatu, bando likakata, na kwa kuwa bando lile ndilo mama anaulizia bei za samaki na kutumia ujumbe wa kikundi chake cha vikoba, simu haikurudi tena mikononi mwa mtoto. Kwa familia ya namna hiyo neno "bure" lina gharama inayolipwa kila siku. Wakubwa wengi wanaosifu masomo ya mtandaoni huishia kuwahimiza vijana "watumie simu zao vizuri", himizo ambalo halimpi mtu hata megabaiti moja.

Hapa ndipo ninapokuomba uangalie jambo ambalo wengi hawalijui. Masomo haya hutolewa kwa leseni huria. Kwa sehemu kubwa ya OpenLearn leseni hiyo inaruhusu kunakili, kugawa, hata kutafsiri na kurekebisha, kwa masharti kwamba aliyeyaandika atajwe, yasiuzwe, na kilichorekebishwa kitolewe kwa masharti hayohayo. Picha na manukuu ya watu wengine yaliyomo ndani ndiyo yenye haki zake tofauti na yanahitaji uangalifu. UNESCO, ambayo Tanzania ni mwanachama wake, ilipitisha mwaka 2019 pendekezo linalozihimiza nchi kujenga uwezo wa kutumia rasilimali za namna hii. Kwa hiyo hakuna sheria inayotulazimisha kumwacha kila kijana apakue somo peke yake kwa bando la mama yake. Somo linaweza kupakuliwa mara moja, mahali pamoja, kisha likasomwa na mia.

Kwa upande wa vifaa nako hatuanzii sifuri. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya mwaka 2022 viligawiwa kwa walimu, na vingi bado vinafanya kazi. Ipo pia programu ya bure iitwayo Kolibri, iliyotengenezwa mahsusi kwa sehemu zisizo na intaneti: kompyuta moja ya kawaida hubeba masomo, na simu au vishikwambi vilivyo karibu vinayasoma kwa waifai ya ndani bila kutumia bando lolote. Maktaba ya Mkoa iko katikati ya jiji, na wilayani vipo Vituo vya Walimu ambavyo baadhi ya siku hukaa vimefungwa mchana kutwa.

Najua atatokea mtu wa kusema kwamba mambo haya ni ya kisasa mno kwa Mkinga au Kilindi. Mimi nilikuwa mtoto mwaka 1973 wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya, na nakumbuka nikikaa mkekani pembeni ya mama yangu katika kikundi chake cha kusikiliza redio. Somo lilikuja kwa mawimbi kutoka Dar es Salaam, lakini kikundi kilikuwa na kijitabu chake cha Kiswahili na kiongozi aliyepewa mafunzo mafupi, na redio ikizimwa ndipo mazungumzo yalipoanza: choo kichimbwe wapi, maji yachemshwe vipi. Watu wapatao milioni mbili walishiriki nchini kote, wengi wao wakiwa hawana redio yao wenyewe. Nchi hii ilikwishajua zamani kwamba somo linalotoka mbali linahitaji chombo cha pamoja, maandishi ya lugha ya nyumbani, na mtu wa kukaa nalo.

Lugha nayo ni kikwazo, wala tusijidanganye kwamba kijana aliyefundishwa sekondari kwa Kiingereza anakisoma Kiingereza cha chuo kikuu kwa raha. Sidai kila somo litafsiriwe, kwa kuwa hiyo ni kazi ya miaka. Naomba kila somo litakalochaguliwa litanguliwe na ukurasa mmoja wa Kiswahili unaoeleza linahusu nini, istilahi zake kumi au kumi na tano ni zipi, na mfano wa hapa kwetu. Kwamba inawezekana kufanya zaidi ya hapo tumekwishaonyeshwa: mradi wa TESSA wa mafunzo ya walimu, ambao Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kimeshiriki, una matoleo ya Kiswahili ya nyenzo zake.

Mfano wa hapa kwetu una kazi kubwa kuliko unavyodhaniwa. Nilipokuwa nasoma somo moja la mwanzo la jiolojia, maelezo ya jinsi maji ya mvua yanavyochukua hewa ya kaboni, yakawa tindikali hafifu na kuimumunya miamba ya chokaa, yalitolewa kwa milima ya kaskazini mwa Uingereza, na nikawaza namna mwanafunzi wa Chumbageni atakavyoruka ukurasa ule kwa kudhani ni habari za Wazungu, ilhali kilomita chache tu kutoka kwake yako Mapango ya Amboni, ambayo yalichongwa kwa maji na chokaa vilevile. Sentensi moja ya mwalimu wa Tanga ingelirudisha somo zima nyumbani. Mwenye kusoma baiolojia naye aambiwe kwamba silikanti, samaki aliyedhaniwa kutoweka tangu enzi za dinosaria hadi alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938, yumo katika bahari hii anayoiona akipita Raskazone kwa baiskeli.

Nitahadharishe jambo moja. Anayemaliza kozi ya OpenLearn hupata hati ya ushiriki. Hati hiyo haichukui nafasi ya cheti cha Baraza la Mitihani, na haimwingizi mtu chuoni. Lisiposemwa hili mapema, watajitokeza wajanja wa kuwachapishia vijana hati hizo kwa rangi na kuwatoza fedha, na kijana atazizungusha ofisi kwa ofisi hadi akate tamaa na masomo yenyewe.

Ombi langu ni dogo na linapimika. Iundwe kamati ya walimu wachache wa masomo tofauti, wakiwemo wastaafu, ichague masomo 20 ya utangulizi yanayogusa tahasusi zinazopatikana katika shule za mkoa huu. Yapakuliwe na kuwekwa mahali patatu kwa majaribio, yaani Tanga mjini, Muheza na Pangani, kuanzia Desemba, vijana wakishamaliza mitihani, hadi muda wa kubadilisha tahasusi utakapofungwa. Kila mahali pawe na mwalimu mmoja wa kujitolea kwa jioni mbili za wiki. Mwishoni kila kijana aulizwe swali moja tu: umebadilisha chaguo lako au umelithibitisha, na kwa nini? Majibu yake yatakuonyesha kama jambo hili linastahili kupelekwa Lushoto, Handeni na kwingineko.

Ukurasa wa Kiswahili wa lile somo la jiolojia nimekwishauandika, pamoja na kurasa nyingine mbili za jiografia. Nitazileta ofisini kwako siku yoyote utakayonipangia, isipokuwa Ijumaa mchana.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu mstaafu,
Ngamiani, Tanga