Malalamiko: klemu ya bima ya maisha ya mwenzetu wa chuo kikuu

Kwa Meneja wa Madai, ofisi ya Mombasa.

Habari ya kazi bwana meneja. Naandika kwa niaba ya familia ya mwenzetu marehemu, alikuwa fundi wa maabara kwenye chuo kikuu cha umma tunachofanya kazi, jina na namba yake ya kazi mnazo kwenye ile fomu ya klemu.

Marehemu alishikwa na presha usiku akiwa kwake Likoni, hata hospitali hakufika. Tukaleta karatasi zote, cheti cha kifo, kitambulisho, peslipu ya mwisho, barua ya HR, halafu mkaturudishia jibu la mstari mmoja kwamba hamlipi kwa sababu hakufariki akiwa kazini. Jamani, hilo si jibu la bima hii! Inayouliza kama mtu ameumia kazini ni WIBA, sheria ya 2007 inayomlazimisha kila mwajiri akate bima ya ajali na magonjwa yanayotokana na kazi, na hesabu yake ni mshahara wa miezi 96. Sisi hatukudai WIBA. Tumedai grup laifu ambayo imo kwenye masharti yetu ya kazi, na hiyo ni bima ya maisha ya wafanyikazi wote kwa pamoja, haijali umefia ofisini ama kitandani kwako ama kwenye feri, maadamu bado umeajiriwa na jina lako limo kwenye orodha basi warithi walipwe, na kwa cheti cha bima mlichotoa nyinyi wenyewe ni mshahara wa miaka 3. Sasa huyo aliyesoma hii klemu mpaka akachanganya bima mbili ni nani, na alifungua faili kweli?

Halafu pale kaunta kijana wenu akatuambia kwa mdomo tu ati huenda premiamu ya chuo, yaani malipo ya bima, haikuingia. HR wametuonyesha risiti. Na hata bila risiti, Sheria ya Bima, sura 487, kifungu cha 156, yasema kampuni haibebi bima mpaka premiamu ilipwe au iwe imedhaminiwa, kwa hivyo hakuna huenda hapo, kama hamkupokea semeni kwa maandishi tumgeukie mwajiri, na kama mlipokea mzigo ni wenu.

Lakini kilichotuuma zaidi ni pesa ya mazishi. Mmetaka risiti ya mochari. Maiti ya Muislamu huyo hakulazwa mochari, alioshwa na kukafiniwa nyumbani, akaswaliwa baada ya adhuhuri akazikwa siku hiyo hiyo, kibali cha mazishi kipo na tuliwapa, sasa risiti ya mochari tuitoe wapi? Na mjane mmemtaka aje mwenyewe asaini mbele yenu, mkaambiwa yuko edani, mjane wa Kiislamu hukaa nyumbani miezi minne na siku kumi, kakake akajitolea kuzichukua fomu amsainishe nyumbani mbele ya wakili, mkakataa. Nyinyi mko Mombasa, mnawauzia bima watu wa Mombasa, hili la eda si jambo la kuelezwa na mtu. Yule mama ana watoto wanarudishwa shule kwa karo na mshahara wa baba yao umeshasimama.

Tunachotaka: mrudie hii klemu kama grup laifu, mlipe pesa ya mazishi kwa kibali cha mazishi, mkubali saini ya mjane kupitia wakili ama mtume afisa wa kike nyumbani, na mtupe nakala ya mkataba wa bima yote, si kipeperushi, manake kifungu cha 35 cha Katiba kinatupa haki ya habari tunayoihitaji kulinda haki yetu. Mkikataa tena tuonyesheni ni kipengele gani cha mkataba kinachowaruhusu.

Tunangoja jibu lenye saini na muhuri ndani ya siku 14, baada ya hapo faili linaenda kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima, na nakala ya barua hii tayari iko kwa HR na kwa chama chetu.

Mwakilishi wa wafanyikazi, kwa niaba ya familia