Asante, kaka wa pikipiki nyekundu

Kaka uliyesimamisha pikipiki Nyakato, kando ya barabara ya Musoma, Jumamosi iliyopita: jina lako sikulipata, ila asante sana. Ulitukuta mimi na kijana wangu chini ya Land Cruiser iliyoongezwa kimo, tunabadilisha bushi (vile vipande vya mpira vyenye tundu la bolti) za mikono ya ekseli ya mbele. Ukaiokota ile mpya, ukaipangusa vumbi kwa kidole gumba, ukatuonyesha kuwa tundu lake haliko katikati. Gari likiongezwa kimo, pembe ya ekseli hubadilika na usukani huanza kuyumba. Tundu hilo la pembeni ndilo linalorekebisha, lakini ukiigeuza bushi vibaya unazidisha tatizo. Halafu ukatukataza kukaza bolti magurudumu yakiwa yananing'inia. "Lishusheni kwanza likae kwa uzito wake, ndipo mkaze. La sivyo mpira unabaki umejisokota, utachanika mapema." (Kijana sasa anawafundisha wenzake kama vile alizaliwa analijua.)

Tumeshakwenda Magu na kurudi, usukani umetulia kabisa. Hela ulikataa, hata soda. Ukilisoma hili, pitia nyumbani. Sato wako yupo, na ugali wa muhogo.