Jumamosi tunacheza tena

Wapendwa, Jumamosi saa kumi jioni tunacheza dansi, na kama kawaida hakuna hatua za kukariri. Wageni waleteni. Mara iliyopita wawili wasiojuana hata majina waliegemeana mgongo kwa mgongo, uzito ukahama taratibu, mara mmoja kajikuta begani kwa mwenzake! Tulicheka hadi machozi. Uchezaji huu wa kuegemeana mcheza dansi Steve Paxton na wenzake waliuanzisha Marekani mwaka 1972. Sisi tunauchanganya na chochote miguu inachotaka. Asiyetaka kuguswa aseme, au ajisogeze tu pembeni, hatuulizi sababu. Vueni pete, saa na bangili (mimi bado nina alama ya bangili ya mtu). Muziki ukizimika, msisimame. Makofi yanatosha.